Mwendo wa maji katika tangi la matumbawe ukiwa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengi yameulizwa sebuleni kwangu, Kisasa, mgeni akiwa amesimama mbele ya tangi la lita 200 na chai yake inapoa. Mengine yamekuja kwa simu saa nane za usiku, umeme umekatika na mtu haoni samaki wake. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mmoja mmoja. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, nimetaja namba yake ili nisirudie.

## Mwanzo kabisa

1. Matumbawe hayatembei. Kwa nini basi yanahitaji maji yanayokwenda?

Kwa sababu hiyohiyo. Tumbawe ni mnyama aliyejifunga kwenye jiwe maisha yake yote. Samaki akikosa hewa upande huu wa tangi atahamia ule. Tumbawe hungoja maji yaliletee. Chakula, oksijeni na madini ya kujengea mifupa yake vinafika kwa maji, na uchafu wake unaondoka kwa maji.

Juu ya ngozi yake kuna tabaka jembamba la maji yaliyolala, yaliyogandamana na mwili. Kila kinachoingia au kutoka lazima kipite hapo. Maji ya nje yakiwa na mwendo mzuri, tabaka hilo hupungua unene na tumbawe hupumua kwa wepesi. Mchana, mwani mdogo unaoishi ndani ya ngozi ya tumbawe hutengeneza oksijeni nyingi kuliko inayohitajika, na ile ya ziada isipoondolewa hugeuka kuwa madhara. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, ya kwetu Mafia yakiwemo, yakapauka na kufa. Watafiti huko Okinawa, Japani, walionyesha kwamba matumbawe yaliyopitiwa na maji ya kasi yalistahimili joto hilo kuliko yaliyokaa kwenye maji yaliyotulia. Ndiyo maana nikiulizwa kipi kinunuliwe kizuri kwanza, taa au pampu, najibu pampu.

2. Nataka kuiga bahari. Maji ya mwambani yanakwendaje hasa?

Waulize wavuvi wa pwani, wana msamiati kamili wa jambo hili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa sita na dakika kama kumi na mbili mkondo hugeuka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakipanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 na mkondo ukikimbia. Katikati yake ni maji mafu, bahari inapolegea. Juu ya hayo kuna pepo: wakati wa kusi mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini huenda mbio, na wakati wa kaskazi hupungua. Halafu kuna mawimbi, yanayosukuma na kuvuta kila baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo tumbawe halijawahi kuishi siku nzima likipigwa na maji ya upande mmoja kwa nguvu ileile. Unapopanga pampu zako, hilo ndilo la kuliweka mbele.

3. Kinachotakiwa ni nguvu au kubadilika?

Kubadilika kwanza, nguvu baadaye. Fungua koki ya bomba uweke kiganja chini yake: maji yanapiga sehemu moja na kukimbia. Sasa tumbukiza mkono kwenye ndoo uuchezeshe huku na huko: kila kidole kinaguswa kwa pande zote. Tumbawe linataka maji ya ndoo. Maji ya koki, hata yakiwa ya pampu ndogo, hulichuna ngozi upande wa mbele na kuacha uchafu urundikane mgongoni.

## Pampu: ukubwa, idadi na mahali

4. Tangi langu ni la lita 200. Ninunue pampu ya ukubwa gani?

Wafugaji wengi hupima kwa kuangalia pampu zote kwa pamoja zinazungusha ujazo wa tangi mara ngapi kwa saa. Kwa matumbawe laini, kama yale ya ngozi na ya uyoga, mara 10 hadi 20 inatosha, yaani lita 2,000 hadi 4,000 kwa saa. Kwa matumbawe magumu yenye polipu nene (vinywa vidogo vya tumbawe vyenye mikono), kama Euphyllia, mara 15 hadi 25. Kwa yale magumu ya matawi membamba, Acropora na wenzake, wengi huenda mara 30 hadi 50.

Namba hizi zichukue kama mwanzo wa safari. Pampu mbili zilizoandikwa lita 4,000 kwenye boksi zinaweza kutofautiana kabisa: moja inarusha maji kwa ukali kupitia mdomo mwembamba, nyingine inasukuma maji mengi polepole kwa feni pana. Ya pili ndiyo nzuri kwa tangi. Kama unaweza kupata pampu yenye kidhibiti cha kupunguza na kuongeza, nunua kubwa kidogo kuliko hesabu yako uiendeshe nusu. Matumbawe yakikua yatazuia njia za maji, nawe utakuwa na akiba ya nguvu.

5. Pampu moja kubwa au mbili ndogo?

Mbili. Mikondo miwili ikikutana katikati hupasuka na kuzunguka ovyo, na hiyo ovyo ndiyo tunayoitaka. Tena moja ikifa ukiwa safarini Singida au Iringa, nyingine inabaki ikipumulisha tangi. Hapa kwetu pampu mpya si kitu cha kukimbilia Majengo sokoni ukakipata jioni hiyohiyo. Mara nyingi inasubiriwa kutoka Dar es Salaam.

6. Niziweke wapi?

Anza na kila moja kwenye kioo cha ubavuni, zikitazamana lakini zisiwe kwenye mstari mmoja: moja juu karibu na uso wa maji, nyingine chini kidogo na kuelekea kioo cha mbele. Ya juu ielekezwe hadi uso wa maji utikisike kama sufuria inayokaribia kuchemka. Usiruhusu ifyonze hewa. Kama ina kidhibiti, ziache zipokezane, hii ikipanda hiyo ishuke.

Kinachoharibu mpango mara nyingi ni mawe. Mtu anapanga mawe kama ukuta unaogusa kioo cha nyuma, kisha anashangaa nyuma yake pamejaa tope. Acha nafasi ya mkono kuzunguka mawe yote, na acha mapango yanayopenya. Mimi nilibomoa mpangilio wangu wa kwanza baada ya miezi minne kwa kosa hilo, na ilinisikitisha kwa kuwa matumbawe yalikuwa yameshaanza kushika.

7. Nina pampu inayorudisha maji kutoka tangi la chini, lile la vifaa lililo chini ya tangi la samaki. Haitoshi yenyewe?

Kazi yake ni nyingine. Hiyo inapitisha maji kwenye skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), hita na chujio, na kwa hilo mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha. Ukitaka ifanye na kazi ya mkondo, utanunua pampu kubwa mno, na tangi la chini litakuwa na kelele na vipovu.

Angalia pia urefu wa kupandisha. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 hutoa kiasi hicho maji yasipopanda kabisa. Ikipandisha mita moja na zaidi, huenda ukabaki na nusu; mchoro wa kwenye boksi utakuonyesha. Kila kona ya bomba nayo inakula. Mwambie fundi bomba atumie bomba la inchi moja badala ya nusu inchi, na mahali pa kona kali moja aweke kona mbili za nyuzi 45. Bomba jembamba ndilo huua pampu nyingi nzuri.

8. Naweza kutumia pampu ya bustani au ya bwawa kutoka duka la vifaa vya ujenzi?

Nyingi hazifai. Pampu ya maji yasiyo na chumvi huweza kuwa na ekseli au skrubu za chuma, na chumvi huzila ndani ya wiki. Kibaya zaidi ni shaba: kiasi kidogo sana cha shaba ndani ya maji huua kamba, konokono na matumbawe. Kama kwenye maelezo hakuna neno maji ya chumvi au bahari, iache itumike kwenye ndoo ya kumwagilia mchicha.

9. Je, pampu ya hewa inayotoa vipovu?

Kama mkondo wa kila siku, hapana. Vipovu vikipasuka juu hurusha chumvi ukutani, kwenye taa na kwenye soketi, na hewa ya Dodoma ilivyo kavu, chumvi hiyo inaganda siku hiyohiyo. Lakini nunua moja inayotumia betri uiweke kabatini. Sababu iko kwenye swali la 13.

## Mambo ya Dodoma yenyewe

10. Kuna tofauti gani kufuga matumbawe Dodoma na kuyafuga Dar es Salaam?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ni wachache wanaolifikiria. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani, na maji hushika oksijeni kwa kadiri ya mgandamizo. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 26 yakiwa ufukoni hujaza oksijeni takriban miligramu 6.6 kwa lita. Yaleyale yakiletwa hapa, hata ukiyakoroga vipi, huishia karibu 5.8. Joto likifika nyuzi 30 yanashuka hadi kama 5.4.

Samaki na matumbawe wanaishi vizuri na kiasi hicho, wangu wanaishi. Ila akiba ni ndogo. Kosa ambalo mtu wa Kigamboni atalifanya bila kuadhibiwa, kama uso wa maji kutulia usiku kucha au samaki kuzidi kidogo, hapa linaonekana asubuhi. Kwa hiyo ukiwa Dodoma kazi ya kwanza ya pampu ni kuutikisa uso wa maji, ili kila dakika maji mapya yapande kuvuta hewa. Urembo wa mawimbi ufuate baadaye. Ukisoma ushauri ulioandikwa na mtu anayeishi ufukoni, ongeza mtikisiko wa juu kuliko anavyosema.

11. Juu ya maji kuna utando kama wa mafuta, na unarudi kila nikiutoa. Ni nini?

Ni mchanganyiko wa mafuta ya chakula, protini za samaki na vumbi letu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa kiangazi ukivuma, vumbi jekundu linaingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Utando huo unaziba uso wa maji na kupunguza kupumua, jambo ambalo kwa sababu za swali la 10 hatuwezi kulivumilia.

Dawa ni kufanya uso wa maji utembee na kumwagika. Kama una tangi la chini, hakikisha maji yanashuka kwa kupita juu ya ukingo wenye meno, si kufyonzwa kutoka katikati. Kama huna, elekeza pampu ya juu ipasue uso. Kufunika tangi kwa kioo kizima kunazuia vumbi lakini kunazuia na hewa; wavu mwembamba unafaa zaidi, na unazuia samaki kuruka.

Wengine hufunga madirisha yote kwa ajili ya vumbi, familia nzima ikiwa ndani. Hewa ya chumba ikijaa kaboni dayoksaidi, maji nayo yanaivuta na asidi inaongezeka. Fungua dirisha alfajiri, upepo ukiwa bado umelala.

12. Novemba maji yanafika nyuzi 30. Pampu nazo zinaongeza joto?

Ndiyo. Wati zote za pampu iliyozama ndani ya maji huishia kuwa joto ndani ya maji hayohayo. Ukiwa na pampu za zamani zenye jumla ya wati 60, zibadilishe kwa zile za umeme mdogo wa volti 24 na utaona tofauti kwenye kipimajoto.

Halafu weka feni ndogo ipulize uso wa maji. Ukavu wa hewa yetu, unaotusumbua midomo, hapa ni baraka: maji yanakauka haraka na yakikauka yanabeba joto. Lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza lita 200 kwa karibu nyuzi 3. Mtu wa pwani, penye hewa yenye unyevu, hapati nafuu hiyo.

Gharama yake ni kujaza. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki, hivyo jaza kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa na usiongeze maji ya chumvi. Kwenye tangi langu, lita 4 zikipotea bila kujazwa, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi 35.7 kwa lita. Na ukichelewa, chumba cha pampu kwenye tangi la chini kinapungukiwa, pampu inafyonza hewa, na tangi zima linajaa vipovu vidogo kama soda. Wengi wananipigia simu kuhusu vipovu hivyo wakidhani pampu imekufa, kumbe ni kujaza tu. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja: maji yetu ya visima ni magumu, ukoko mweupe kwenye birika la chai unakuonyesha.

13. Umeme ukikatika, nina muda gani?

Saa chache, na kwa tangi lenye samaki wengi ni pungufu ya hapo. Samaki wakubwa ndio huanza kuhemea juu, kisha wengine. Mwaka wangu wa pili umeme ulikatika saa tano usiku nikiwa nimelala, ukarudi alfajiri. Nilipoteza samaki watatu niliokuwa nao tangu mwanzo, na tumbawe moja la Acropora likachunika ngozi siku ya pili yake. Tangu hapo sijalala bila mpango.

Mpango wa chini kabisa ni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Jiwe lake la kutolea vipovu likae chini ya maji kwa kina cha sentimita 20 hivi. Haileti mkondo wa kusifika, lakini inapandisha maji na kuyapa hewa.

Mpango mzuri ni betri na inverta kwa ajili ya pampu moja tu ya mkondo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Kwa hizo 600, ukitoa kinachopotea kwenye inverta, pampu ya wati 20 itakwenda usiku kucha na kubaki na akiba. Usiunganishe hita, taa wala feni. Vitaimaliza kabla hujapiga usingizi. Wenye sola nyumbani wameshavuka nusu ya njia.

Kama huna chochote na usiku umekukuta: acha kulisha, fungua kifuniko, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kidogo, mara kumi, kisha pumzika dakika kumi na tano, kisha rudia. Inachosha lakini nimeokoa tangi la jirani namna hiyo, tukipokezana na mwanaye hadi jua lilipochomoza.

Umeme ukirudi, usiwashe pampu kwa nguvu yote. Anza chini upandishe polepole, maana tope lililotulia kwenye mawe litafumka kwa pamoja.

14. Hizi pampu zitamaliza uniti za LUKU?

Hesabu ni rahisi. Pampu mbili zenye jumla ya wati 30, zikienda saa 24, hula uniti 0.72 kwa siku, yaani kama uniti 22 kwa mwezi. Hita usiku wa Juni na Julai, baridi yetu inaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, inakula kuliko hizo. Ukitaka kubana matumizi, usibane kwenye mkondo.

## Kusoma matumbawe

15. Nitajuaje kama mkondo ni mwingi au kidogo?

Tumbawe lenyewe linasema. Mkondo ukizidi, polipu hujikunja upande unaopigwa na hazifunguki hata taa zikiwaka saa nyingi. Nyama za Euphyllia hulala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo, na baada ya muda mifupa hutokeza kwenye kingo. Ukipungua, utaona ute unaning'inia bila kuondoka, uchafu kwenye vikombe vya tumbawe, na mwani unaota kwenye ncha.

Mkondo mzuri unaonekana kama shamba la uwele upepo unapopita: kila kitu kinayumba, kinarudi, kinatulia kidogo, kinayumba tena.

Tumbawe la ngozi lisikutishe. Mara kwa mara hujifunga siku kadhaa na kuvua utando unaong'aa. Liongezee mkondo wakati huo liusukume.

16. Naweza kupima kasi bila kifaa?

Ndiyo. Bandika alama mbili kwenye kioo, sentimita 60 kati yake. Achia chembe chache za chakula kilicholowekwa, uhesabu sekunde. Zikifika kwa sekunde 4, kasi ni sentimita 15 kwa sekunde. Rudia juu, katikati, chini, na nyuma ya mawe. Nyuma ya mawe ndiko utashangaa. Chembe zikizunguka mahali pamoja bila kutoka, hapo ndipo tope litalala.

17. Tumbawe gani likae wapi?

Acropora na Montipora juu, pampu zinapokutana. Yale ya ngozi na Xenia katikati. Euphyllia chini au pembeni, na usisahau kwamba mikono yake ya kuchoma hurefuka usiku ikifuata mkondo, kwa hiyo upande maji yanakoelekea acha sentimita 15 au zaidi bila jirani. Yale ya uyoga kwenye vivuli vya chini. Tubastraea, lile la rangi ya machungwa lisilotegemea mwanga, linaweza kukaa pangoni, mradi maji yapite na ulilishe wewe mwenyewe.

18. Utelezi mwekundu umefunika mchanga. Niongeze mkondo?

Ongeza, ila usitegemee hilo peke yake. Utelezi huo ni saianobakteria, na huanza mahali maji yamelala na chakula kimezidi. Ufyonze kwa mpira mwembamba, geuza pampu moja ipitie hapo, punguza kulisha. Ukiongeza mkondo bila kuutoa kwanza, unaupasua tu na kuusambaza.

19. Mchanga unahama na kuacha kioo cha chini wazi.

Chembe zake ni ndogo mno kwa pampu yako, au pampu inatazama chini. Inyanyue nyuzi chache. Ikishindikana, mchanga wenye chembe za milimita 1 hadi 2 hutulia vizuri zaidi.

20. Usiku nizime pampu ili samaki walale?

Usizime. Gizani mwani haufanyi kazi, kila kiumbe kinatumia oksijeni na hakuna anayetengeneza, hivyo kabla ya mapambazuko ndipo ilipo chini kabisa. Punguza ile ya chini ukitaka, ya juu iendelee. Unaweza kuzima zote dakika kumi wakati wa kulisha, na uweke kengele kwenye simu, maana kusahau ni rahisi.

## Yanayomkuta mmoja mmoja

21. Nataka farasi wa bahari pamoja na matumbawe yangu.

Watenge kwenye tangi lao. Ni waogeleaji dhaifu na wanakula polepole. Mkondo unaoipendeza Acropora utawachosha. Ukiwachanganya, mmoja wa pande hizo mbili ataishi kwa shida.

22. Anemoni wangu ameanza kutembea.

Mnyama huyu laini, ndugu wa tumbawe, anatafuta mwanga au mkondo anaoupenda, na anaweza kuingia kwenye pampu. Akisagwa humo, sumu yake inaweza kuchafua tangi zima. Vika kila pampu sponji yenye matundu makubwa mpaka akae mahali wiki mbili, na uisuuze sponji kila siku mbili kwa sababu inaziba.

23. Pampu ilikuwa nzuri, sasa inalalamika na mkondo umepungua.

Chokaa imeshika ndani. Kalsiamu hupenda kuganda penye joto, na moyo wa pampu una joto. Ichomoe kwenye umeme, ifungue, iloweke saa moja kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, sugua kwa mswaki, suuza. Kila miezi mitatu inatosha. Usioshe zote siku moja. Ukibana kitu vibaya, ibaki moja inayofanya kazi.

24. Umeme ulikatika nikakuta sakafu imejaa maji. Yametoka wapi?

Kwenye bomba la kurudisha. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu hurudi kinyumenyume kwa bomba hilohilo hadi mdomo wake uonje hewa. Kama mdomo uko sentimita 20 chini ya uso, ndizo sentimita zitakazoshuka, na tangi la chini haliwezi kuzipokea.

Uweke mdomo sentimita mbili tu chini ya uso, au toboa tundu dogo kwenye bomba hapo juu na ulisafishe kila wiki. Valvu ya kuzuia maji yasirudi isiwe tegemeo pekee. Konokono mmoja akikaa ndani haifungi. Kisha jaribu mchana ukiwepo: zima kila kitu, ngoja maji yatulie, weka alama kwenye tangi la chini. Usijaze kupita hapo tena. Wakati huohuo angalia waya: kila mmoja ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme.

25. Vipande vipya vimefika kutoka Dar es Salaam. Niviweke juu kwenye mkondo mara moja?

Hapana. Hata kwa treni ya SGR, iliyoanza kutufikisha Dar na Dodoma mwaka 2024 kwa takriban saa nne badala ya siku nzima barabarani, kipande kimekaa ndani ya mfuko bila mkondo na kimechoka. Kianzie chini, penye mkondo mwepesi, siku tatu hadi saba. Polipu zikifunguka vizuri, kipandishe kidogokidogo. Ukikigandisha kwa gundi, hakikisha hakitikisiki. Kipande kinachocheza kwenye mkondo hakishiki jiwe.

Na kwa kuwa swali hili huja pamoja na lingine: msivunje matumbawe baharini, wala msimtume mtu avunje. Mwamba wa kwetu bado unajijenga kutokana na majeraha ya 1998. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na kwa yanayotoka humu nchini waone kwanza maofisa wa uvuvi. Chukua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Tumbawe la Montipora lililoko kwangu nimeshalikata mara sita kuwapa wenzangu wa hapa mjini, na kila kidonda kilifungwa na ngozi mpya ndani ya wiki chache, upande wa mkondo ukitangulia.